Mwenye Aparei wa Kamanyola

Kwetu Uvira kamera tunaiita aparei, na yangu ni ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa shati. Ukiiona mezani utadhani ni ya kuchezea watoto. Lakini ni ya watu wanaojua kazi yao. Lenzi yake inaona gizani kuliko macho yangu, ina pete unayoizungusha kwa kidole kuongeza au kupunguza mwanga, na inaweza kumpiga picha mtu aliyeketi ndani ya kanisa lisilo na taa, ukaona hata mshono wa kola yake.

Niliipata kazini. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi na mradi mmoja wa maji, nikizunguka kutoka Makobola hadi Kamanyola kupiga picha za mabomba, za matangi na za kamati zilizokuwa zikiyalinda. Mradi ulipofungwa, wakubwa walituachia vitu vidogo ambavyo hawakuona haja ya kuvirudisha kwao. Mimi niliachiwa aparei. Nyingine ya aina ileile aliachiwa kijana mmoja wa Kamanyola, aliyekuwa mhamasishaji wa mradi upande wa juu wa bonde la Ruzizi. Tulikuwa tukikutana kwenye mikutano tu, na kila tulipokutana tulijitenga pembeni tukaongea habari za lenzi.

Mwaka huohuo mke wangu alikwenda Lubumbashi. Binti yetu mkubwa alikuwa amejifungua mapacha, na mama yake akaenda kumsaidia miezi ya mwanzo. Mapacha wakaota meno, wakaanza kutembea, binti akarudi kazini, na miezi ya mwanzo ikakosa mwisho. Hatukugombana. Hakuna siku tuliyokaa tukasema kuanzia leo tunaishi mbali. Alikuwa akinipigia simu Jumapili akitoka kanisani. Ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula, kisha mtoto analia nyuma yake, anasema atanipigia tena.

Nyumba yetu iko Kimanga, nyuma ya mstari wa maduka madogo. Mchana kuna kelele za kutosha: mashine ya kusaga, mafundi wa kuchomelea, redio za kila duka. Jioni maduka yakifungwa nilikuwa nabaki na sauti ya ziwa. Siku hizi liko karibu kuliko zamani, kwa sababu maji yalipanda yakachukua nyumba za jirani zetu wa chini, na wao wakahamia mlimani.

Ndipo nilipoanza kusoma maoni. Niliyaona siku moja kwenye simu nilipokuwa natafuta namna ya kusafisha lenzi. Kuna ukurasa ambao watu wenye aparei ya aina hii, kutoka kila upande wa dunia, wanaandika wanavyoiona. Ya Kifaransa niliyasoma mwenyewe, ya lugha nyingine niliiachia simu inigeuzie. Mmoja alilalamika kwamba haivuti vitu vya mbali. Alitaka kupiga ndege juu ya mti, akapata mti. Mwingine alisema betri yake haimalizi hata harusi moja. Mwanamke wa nchi ya baridi aliandika kwamba akivaa glavu vidole vyake havipati vitufe. Mzee mmoja alieleza kwa kirefu vumbi lililoingia ndani ya lenzi yake, utadhani anamweleza daktari ugonjwa wa mtoto.

Nilikuwa nawajibu kwa sauti, peke yangu mezani, ndagala zikipoa kwenye sahani. Yule wa ndege nilimwambia, sogea karibu. Yule wa vumbi nilimpa pole, maana vumbi la barabara ya bonde nalijua.

Baadaye na mimi niliandika yangu. Nilisema kwamba saa sita za mchana kando ya ziwa huoni kitu chochote kwenye kioo, kwa hiyo nimejifunza kupiga picha bila kuona. Nilisema pia kwamba watu wakiona aparei kubwa wanakauka kama wako mbele ya hakimu, lakini mbele ya hii ndogo wanaendelea na maneno yao, na hapo ndipo sura zao zinapotoka. Watu wachache walibonyeza alama ya kusema maoni yangu yamewasaidia. Hakuna aliyeniandikia neno. Hata hivyo nilifungua ukurasa ule kila jioni kuangalia.

Mjini hapakuwa na mtu wa kuongea naye mambo hayo. Wapiga picha wa Kimanga wana simu zao kubwa, na wanapiga vizuri. Mmoja wao aliishika yangu, akaigeuza huku na huku, akaniuliza inapigia simu upande gani.

Kisha betri ikavimba. Asubuhi moja niliikuta imeinua kifuniko chake, imenenepa katikati kama andazi. Nilitafuta nyingine Uvira nzima, nikamwagiza na jirani anayevuka kwenda Bujumbura, akarudi mikono mitupu. Hapo nikamkumbuka yule kijana wa Kamanyola. Nikapiga namba yake ya zamani, haikuingia. Nikaamua kwenda mwenyewe. Betri ilikuwa sababu ya kweli. Lakini nilitaka pia kukaa kidogo na mtu anayeijua aparei hii, nimuulize kama na yake pete imekuwa ngumu, kama naye anapunguza mwanga anapopiga watu wamesimama mbele ya maji.

Nilipanda gari la asubuhi. Wakati huo barabara ya bonde ilikuwa wazi. Tulipita Sange, tukapita Luvungi, watu wameanika mpunga kandokando, na kila gari lililotupita lilituachia vumbi lake mdomoni. Kamanyola niliuliza sokoni. Watu walimkumbuka yule wa maji, lakini kila niliyemuuliza alinipima kwa macho kabla ya kunielekeza. Wakanipeleka nyumba moja nyuma ya soko, ya matofali mabichi, na mlango wa bluu.

Alitoka mama mmoja wa umri kama wangu, mikono yake ina rangi ya nyanya.

"Uko unatafuta nani, papa?"

"Natafuta kijana aliyekuwa anafanya kazi na mradi wa maji. Alikuwa na aparei ndogo, nyeusi."

Aliniangalia viatu, kisha uso. "Weye ni wa serikali?"

"Hapana, mama. Na minye niko na aparei kama yake."

Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha. Aliitazama bila kuigusa. Kisha akasogea pembeni mwa mlango. "Ingia," alisema. "Minye ni mama yake."

Alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa amebeba kifurushi cha kitenge. Alikifungua taratibu, kunjo kwa kunjo, na ndani yake ilikuwa aparei. Akaiweka mezani kando ya yangu. Zilifanana kama mapacha, ila ya kwake ilikuwa imekwaruzwa pembeni.

"Alienda kwenye dhahabu, kule Fizi," alisema. "Mradi ulipofunga, kazi haikuwako tena. Alisema anaenda kidogo tu. Tangu pale, hakuna simu, hakuna muntu alimuona. Bengine banasema shimo liliwaangukia. Bengine banasema alivuka ziwa, iko Tanzania. Minye sijue."

Nilimwambia pole, na neno lenyewe likaanguka hapo mezani kati ya aparei zetu.

"Hii aliacha kwa sababu haikuwa inawaka tena," akaendelea. "Chaja iliungua, siku umeme ulirudi na nguvu. Akasema atanunua ingine akitoka Fizi. Minye naifunga tu hivi. Sijue kuifungua."

Nikafungua kifuniko cha chini. Betri yake ilikuwa nzima, bapa, safi. Na mimi chaja yangu ilikuwa ndani ya begi, kwa sababu nilikuja nayo kujaribu. Nikamuuliza kama naweza kuichaji. Alikubali kwa kichwa. Nyumba ya tatu kutoka pale kulikuwa na kinyozi mwenye umeme wa jua, akatupa nafasi kati ya simu za watu.

Tulirudi kungoja. Akasonga bugali, akapasha sombe ya majani ya muhogo. Hakuniuliza kama nina njaa. Tulikula, na katikati ya kula aliniuliza:

"Mama ya batoto iko wapi?"

"Iko Lubumbashi, kwa binti yetu."

"Ni mbali."

"Ni mbali."

"Atarudi?"

"Anasema atarudi."

Alimega tonge, akalishika bila kulichovya. "Basi uko na bahati. Weye uko na muntu wa kusema atarudi."

Mchana ulipoanza kulegea nilikwenda kuchukua betri. Nikaiingiza, nikabonyeza, na lenzi ikatoka na ule mlio wake mdogo ninaoujua. Mama alivuta kiti akakaa karibu yangu, mabega yetu yakagusana, maana kioo ni kidogo na hakimtoshi mtu wa pembeni.

Picha za kwanza zilikuwa za mkebe wa maziwa. Mkebe uleule, juu ya meza ileile tuliyokaa, mara umekuwa mweusi, mara umekuwa mweupe mno, mara herufi zake zinasomeka na nyuma kila kitu kimefifia. Nilibonyeza nikabonyeza, mikebe haiishi.

"Kwa nini alipiga huu mukebe hivi?" aliuliza. "Alikuwa mugonjwa?"

"Alikuwa anajifunza, mama. Na minye nilianza hivyohivyo. Minye nilipiga sufuria."

Baada ya mikebe zikaanza picha za mama mwenyewe. Mgongo wake akifagia uani. Mikono yake ikichambua mchele. Yeye sokoni nyuma ya nyanya zilizopangwa mafungu, anaangalia upande mwingine, mdomo wazi, anamwita mteja. Zilikuwa picha nzuri. Nasema hivyo kama mtu wa kazi, si kwa kumfurahisha mtu. Kijana alijua mahali pa kusimama. Alijua kungoja mpaka mtu amsahau.

Mama alizipita haraka. Nilidhani hazimpendezi, mpaka nilipoelewa kwamba alikuwa anatafuta kitu. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akaanza tena.

"Yeye iko wapi?"

"Yeye alikuwa nyuma ya aparei, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akaegemea kiti. Nje mtu alikuwa anaita wateja wa mkaa. Nikaichukua aparei nizime, na hapo nikaona kwenye picha moja alama ndogo ya filamu, ambayo katika haraka yetu tulikuwa tumeipita.

"Mama, ulijua kwamba hii inashika na sauti?"

Hakujua. Nikabonyeza.

Tulimwona mama mwenyewe uani, amechuchumaa, anapuliza mkaa kwenye mbabula, moshi unamzunguka. Kisha sauti ya kijana, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya viti vyetu: "Mama, usiangalie huku. Fanya kama siko." Mama wa ndani ya kioo akasema, bila kugeuka, "Niache na kintu yako, moshi iko naingia mu macho." Kijana akacheka. Picha ikatikisika kwa kicheko chake. Akasogea, uso wa mama yake ukajaa kioo, na sauti ikasema, "Mama, siku moja nita—" Hapo ikakatika.

Mama hakulia. Alikaa ameweka viganja juu ya magoti kama watu wanavyokaa mbele ya mpiga picha.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Tukasikiliza tena. Safari ya tatu nilimwonyesha kitufe, akarudisha mwenyewe kwa kidole chake cha shahada, akikibonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Sikuhesabu alirudia mara ngapi. Nilitoka nikasimama uani, palepale penye mbabula, nikamwachia chumba.

Aliponiita nilimkuta ameishika mikononi, imezima.

"Siku moja atafanya nini?" aliniuliza.

"Sijue, mama."

"Kwa nini ilikata kabla amalize?"

"Labda betri. Hizi aparei betri yake inaisha haraka. Wenye nazo wengi wanailalamikia."

"Hata minye nalalamika," alisema.

Wakati wa kuaga aliniuliza nilichokuwa nimekuja kumtafutia mwanawe. Nikamwambia nilikuja kumsalimia. Yangu niliirudisha mfukoni ikiwa na betri iliyovimba, na chaja nikaiacha mezani kwake. Nilimwonyesha namna ya kuingiza betri, taa nyekundu maana yake ngoja, taa ya kijani maana yake tayari. Alinisindikiza mpaka kwenye magari, tukaachiana namba za simu. Kwenye bariere ya kutokea mjini askari aliona aparei mfukoni mwangu, akaniuliza nimepiga nini. Nikamwambia haiwaki. Akajaribu mwenyewe, ikakataa kuwaka, akanirudishia. Njia nzima mpaka Uvira nilikuwa nasikia ile sauti ya kijana, na sikuikumbuka kuwa ilikuwa changa namna ile.

Mama alianza kunipigia simu siku ambazo hana soko. Mwanzoni ilikuwa maswali. Hii alama ya mlima ni ya nini. Kwa nini foto ya ndani inatoka ya manjano. Nilijibu nikiwa nimefumba macho, vidole vyangu vikitembea juu ya vitufe vya aparei yangu isiyowaka. Baadaye yakawa maoni. Alisema vitufe ni vidogo, ni vya vidole vya watu wasiolima. Alisema nyanya zake kwenye kioo ni nyekundu kuliko zilivyo, na kama wateja wangekuwa wananunua kutoka kwenye kioo angekuwa tajiri. Alisema ni aparei ya heshima, maana haipigi kelele. Nilimuuliza kama ananiruhusu kuyaandika kwenye ule ukurasa wa wenye aparei. Akasema andika. Nikaandika kwa Kifaransa, kwamba kuna mwenye aparei mwingine, mkaaji wa Kamanyola, na kwamba lalamiko lake kubwa ni kuwa video inakatika kabla mtu hajamaliza kusema.

Safari hii mtu alijibu. Alishauri kadi yenye nafasi kubwa na betri ya akiba. Nikampigia mama nikamsomea.

"Mwambie asante," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani. "Mwambie aje nazo."

Siku nyingine aliniambia kwamba ameanza kuchukua video za nyumba. Anaishika mbele yake, anatembea polepole, anaonyesha mlango, uani, shamba la nyuma, na anaongea.

"Unaongea nini, mama?"

"Namwambia yaliyopita. Ukuta ulianguka, tukaurudisha. Shangazi yake alikufa. Mutoto wa jirani iko mu shule sasa. Akirudi hatauliza sana. Ataangalia."

Kisha bonde likachafuka kwa mapigano, barabara ikafungwa. Simu za Kamanyola nazo zikanyamaza. Watu walipita Uvira na magodoro vichwani, wengine wakavuka mpaka kwenda Burundi, na kila niliyemwona anatoka upande ule nilimuuliza habari za nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya soko. Hawakuijua. Siku mtandao uliporudi nilimpata. Alikuwa amelala porini na majirani, akarudi akakuta sufuria zimechukuliwa. Aparei alikuwa ameifukia ndani ya gunia la maharage, na haikuguswa. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida, akaniuliza habari za ziwa. Tangu hapo barabara inafunguliwa na kufungwa, na hatujaonana tena.

Jioni moja, baada ya kuongea naye, nilichukua simu yangu nikasimama sebuleni. Niliwaza nimfanyie mke wangu kama yule mama anavyomfanyia mwanawe. Nikaonyesha kabati la vyombo. Nikaonyesha kiti chake, na kuta nilizopaka rangi upya. Nikatoka nyuma kuonyesha maji yalipofika safari ile ziwa lilipopanda, alama yake bado iko kwenye ukuta wa choo. Nikatembea nyumba nzima nikingoja neno linijie, na halikunijia. Nikaituma video hivyohivyo, na sauti ya nyayo zangu tu.

Jumapili akapiga.

"Nimeona nyumba," alisema. "Umepaka rangi."

"Nimepaka."

"Mbona husemi kitu?"

"Sikujua niseme nini."

Safari hii hapakuwa na mtoto aliyelia nyuma yake. Labda mapacha walikuwa wamelala, labda alikuwa ametoka nje ili asikie vizuri.

"Ungesema hata jina langu," alisema.

Nikalisema. Lilitoka kwa shida kidogo, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Akaitika. Akaniambia kwamba huko mvua imeanza, nikamwambia hapa bado, tunaona mawingu tu upande wa Burundi. Hakusema anarudi lini na mimi sikuuliza. Tukakaa hivyo, kila mmoja na simu sikioni, mpaka dakika zilipokwisha.